Mistari Minne ya Mama Breki

Anayesimama juu ya kaburi huona udongo uliosawazishwa na nyasi zinazoota taratibu. Akiulizwa hali ya aliyelala chini, anaweza kusema lolote limjialo mdomoni: kwamba kumetulia, kwamba kuna ubaridi mzuri, kwamba mtu amepumzika. Hakuna wa kumbishia, kwa kuwa anayejua hasemi. Ndiyo maana wahenga walituachia methali isemayo kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Uzito wa mzigo haujulikani kwa kuutazama, hujulikana kwa kuubeba. Wengi wetu tunaijua methali hii kwa ulimi. Yuko mama mmoja aliyeijua kwa ulimi kwa miaka arobaini na miwili, kisha akaijua kwa vidole.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye vitambulisho tu. Watu walimwita Mama Breki, kwa sababu kwa miaka kumi na minne alikuwa amekaa kando ya wanafunzi wake katika gari dogo jeupe la shule ya udereva, akiwafokea neno hilo moja: "Breki! Nimesema breki!" Gari lile lilikuwa na breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na mafundi wa gereji walisema kwamba ile ya mwalimu ndiyo iliyokuwa ikichakaa kwanza.

Kazi ile ilimjaza imani moja kichwani, kwamba mtu mzima hafundishiki. "Akili ya mtu mzima ni saruji iliyokauka," alikuwa akimwambia mumewe. "Utaikwangua, lakini huwezi kuifinyanga. Samaki mkunje angali mbichi, baba Sisi." Mumewe, mwoka mikate aliyekuwa akirudi nyumbani asubuhi na unga kwenye nyusi, aliitikia kwa kichwa na kwenda kulala. Hakuwa mtu wa kubishana kabla ya usingizi, na baada ya usingizi mkewe alikuwa kazini.

Sisi kilikuwa kifupi cha Sisimizi, jina ambalo mwoka mikate alimpa binti yao wa pekee kwa vile alizaliwa mdogo na hakujua kutulia. Alipotimiza miaka mitano, mama yake alimkabidhi fidla ndogo iliyolingana na mkono wake. Hakumuuliza kama anaitaka. Alijiuliza mwenyewe, akajijibu. Mama Breki alipokuwa na miaka tisa, msichana mmoja mwenye sanduku jeusi la fidla alikuwa akipita mbele ya nyumba yao kila alasiri. Siku moja msichana yule aliliweka chini ili afunge kamba ya kiatu, naye Mama Breki akaligusa kwa kidole. Akaenda kwa mama yake na kusema anataka kujifunza. Mama yake, aliyekuwa akimenya viazi, hata hakuinua macho. "Kwanza ushibe," alisema, na habari ikaishia hapo. Basi aliapa kwamba mwanawe hatakosa alichokosa yeye.

Kiapo kile kilikuwa kizuri, lakini namna ya kukitimiza ikawa nyingine. Kila jioni Mama Breki alivuta kiti, akaketi mbele ya mtoto na rula mkononi, akagonga meza kuhesabu mapigo. Mtoto akikosea, rula ilinyamaza. "Rudia." Akikosea tena, "Rudia kutoka juu." Hakumpiga hata siku moja, na alijivunia sana jambo hilo. Hakuona kwamba mtoto alikuwa ameanza kutafuna ukosi wa shati lake la shule mpaka ukawa umelowa na kuchakaa kama kitambaa cha kudekia. Hakuona pia kwamba tumbo la mtoto liliuma siku za Jumanne na Ijumaa tu, ambazo zilikuwa siku za mwalimu wa fidla. Au tuseme aliona, akaita uvivu.

Sisimizi alipofika miaka kumi alipelekwa kufanya mtihani wa daraja la tatu. Watahini watatu walikaa nyuma ya meza ndefu, na wazazi wakaachwa nje. Mama Breki aliegemeza sikio mlangoni. Alisikia wimbo ukianza vizuri, kisha sauti ikaanza kutetemeka kama ya mtu anayeongea huku akilia, kisha ikakatika. Kimya. Mtahini mmoja akasema jambo kwa upole. Halafu ukaja mlio ambao mzazi yeyote anaujua: mtoto anatapika.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Kwenye viatu vyeupe vya mtoto palikuwa na madoa.

"Kigumu ni nini?" Mama Breki aliuliza.

"Sijui, mama."

"Wimbo unaujua. Nyumbani unaupiga macho yamefumba. Nyuzi zenyewe nne tu! Mimi nina pedali tatu, gia tano, na mtu mzima wa kilo tisini anayetaka kuniingiza mtaroni. Wewe kigumu chako ni nini?"

Mtoto aliinua ukosi wa shati, akautia mdomoni.

Wiki iliyofuata mwalimu wa fidla alimwita mzazi. Alikuwa dada mmoja mwembamba aliyekodi chumba juu ya karakana ya mshona viatu, kiasi kwamba muziki wote mle ndani ulinuka gundi. Mama Breki alipanda ngazi mbilimbili.

"Karibu ukae, mama Sisi."

"Sikai, mwalimu, nina mwanafunzi saa tisa. Niambie tu tuongeze siku ngapi. Tatu kwa wiki? Nne?"

"Nilitaka tupunguze."

Mama Breki akaketi.

"Mtoto wako ana sikio kuliko wanafunzi wangu wote," mwalimu alisema. "Na ana hofu kuliko wanafunzi wangu wote. Nikimsogelea kumrekebisha mkono, anafumba macho."

"Nani kampiga? Mimi simpigi."

"Sijasema anapigwa, mama."

"Una umri gani, mwanangu?"

"Ishirini na sita."

"Una mtoto?"

"Sina."

"Basi."

Mwalimu yule hakukasirika. Alikuwa akipangusa fidla yake kwa kitambaa, na aliendelea kuipangusa. "Sina mtoto, lakini nilikuwa mtoto. Nilianza fidla nikiwa na miaka minne. Baba yangu aliamini kama unavyoamini wewe, na hakukosea, leo ninakula kwa mikono hii. Lakini mpaka leo nikisikia funguo zikiingia mlangoni, mabega yangu yanapanda yenyewe. Baba amefariki mwaka wa saba sasa, na mabega hayajapata habari."

Mama Breki alitazama mlango, kisha mabega ya mwalimu.

"Mtihani utarudiwa baada ya miezi minne," mwalimu aliendelea. "Nitamtayarisha. Ila nina sharti. Na wewe utajifunza. Somo moja kila wiki, Alhamisi, siku moja na Sisi, na utaanzia wimbo wa kwanza wa kitabu cha kwanza. Na siku ya onyesho la mwisho wa muhula utaupiga mbele ya watu, kama wao."

Mama Breki alicheka mpaka mshona viatu wa chini akaacha kugonga. "Ule wimbo wa mistari minne? Ambao Sisi aliupiga akiwa na miaka mitano?"

"Huo huo."

"Wiki mbili tu, mwalimu. Nipe wiki mbili."

"Nakupa kumi na mbili," mwalimu alisema.

Lakini kuona ni kuona na kutenda ni kutenda. Siku ya kwanza Mama Breki alishikishwa fidla ya ukubwa kamili, na palepale akagundua kuwa hana shingo. Kidevu kiliteleza, bega likapanda, mkono wa kushoto ukapinda namna ambayo mkono haukuumbwa kupinda. Alipouburuta upinde juu ya uzi, kilitoka kilio cha bawaba isiyotiwa mafuta. Sisimizi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kona akisubiri zamu yake, aliinama kutazama viatu vyake. Hakucheka. Laiti angecheka, ingekuwa nafuu.

Nyumbani mambo hayakuwa bora. Siku ya tatu mwoka mikate alitoka chumbani mchana na shuka mabegani, macho yamemtoka pima. "Nani anamchinja paka?"

"Rudi ukalale."

"Nimeuliza tu, mke wangu. Kama ni paka, tumsaidie."

Kuanzia hapo alihamia ndani ya gari. Saa ya chakula cha mchana aliliegesha nyuma ya ofisi ya shule ya udereva, akapandisha vioo vyote, akasukuma kiti nyuma na kupiga mistari yake minne huku upinde ukigonga mlango. Jasho lilimtiririka. Nyuzi zilimchora mifereji kwenye ncha za vidole, vikaja kuvimba, na akawa anageuza ufunguo wa gari kwa dole gumba na kidole cha mwisho.

Kilichomtesa zaidi ni kwamba alielewa kila kitu. Nota alizisoma kwa wiki moja tu, kazi iliyomchukua mwanawe mwaka mzima. Angeweza kumweleza mtu yeyote kidole kiende wapi, lini, na kwa nini. Lakini kidole chenyewe hakikwenda. Kichwa kilikuwa kimeshafika huku mikono ikiwa bado inatafuta njia, na kadiri kichwa kilivyoifokea mikono, ndivyo mikono ilivyozidi kukakamaa. Kwa mtoto mambo yalikuwa kinyume. Mikono ya Sisimizi ilikuwa laini na tiifu, ilikwenda ilikotumwa kabla hata hajajua sababu. Kilichokakamaa kwake kilikuwa ndani zaidi, mahali ambapo rula haifiki.

Wiki ya tano, jioni moja jikoni, mtoto alimsikiliza mama yake akirudia mstari wa tatu mara kumi na moja. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Mama, unaushika upinde kama usukani."

"Nini?"

"Usiubane. Hauendi popote." Akasogea, akavifungua vidole vya mama yake kimoja kimoja na kuvipanga upya. Mikono yake ilikuwa ya baridi. "Ukikosea usirudi juu. Endelea tu. Ukirudi juu, pale mahali panakuwa na mlima."

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Hakuna. Naona tu." Kisha, akiwa bado ameinamia vile vidole, akaongeza, "Na mtu akinitazama mkono, mkono unakufa."

Mama Breki alitaka kusema kwamba hilo ni jambo la kujikaza tu. Neno lilifika kwenye ulimi, akalimeza. Usiku huo, kwa mara ya kwanza, hakuvuta kiti ulipofika wakati wa mtoto kufanya mazoezi. Alibaki amesimama mlangoni bila kujua mikono yake aiweke wapi, kisha akaenda kufua vitambaa ambavyo tayari vilikuwa safi.

Siku ya onyesho ilivyokaribia, hofu ilianza kumjia kwa vipande. Kwanza ilikaa tumboni. Alipata kuharisha asubuhi ya somo, akalaumu maji. Kisha ikapanda kifuani. Mbele ya taa za barabarani, akiwa na mwanafunzi usukani, alijikuta akiwaza ule mstari wa tatu na moyo ukimwenda mbio kama saa iliyoharibika. Siku hizo mmoja wa wanafunzi wake alikuwa karani mstaafu, mzee mpole wa miaka sitini na tatu aliyetaka leseni ili awe anampeleka mkewe hospitali. Kila mzee huyo aliposogeza gari inchi moja, lilizimika. Siku moja alilizima mara sita mfululizo katikati ya makutano, honi zikawalilia pande zote, na Mama Breki, ambaye usiku uliopita hakupata usingizi, akamgeukia. "Wewe ni gogo au ni mtu? Kigumu ni nini hapo?" Mzee aliomba radhi. Mikono yake iliacha alama za jasho kwenye usukani, na Mama Breki akaziona, na mara hii akaendelea kuziona hata baada ya mzee kushuka.

Wiki moja kabla ya onyesho maji yalimfika shingoni. Alichukua simu, akaenda nayo kibarazani, akampigia mwalimu wa fidla.

"Mwalimu, nasikitika sana. Jumamosi ile nimepangiwa wanafunzi wa kufanya mtihani wa barabarani. Ndiyo, wote. Ofisi imenibana. Nilitamani kweli, lakini ndiyo kazi..."

Alipogeuka, Sisimizi alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi.

"Jumamosi huna kazi," mtoto alisema.

"Watoto hawasikilizi simu za wakubwa."

"Mimi huwa nasema tumbo."

Hakusema kwa kumsuta. Alisema kama mtu anayemwonyesha mgeni njia ya mkato aliyokuwa akiipita siku zote. Mama Breki alitazama simu iliyokuwa bado mkononi, uso ukamwaka moto. Yeye alikuwa na simu, alikuwa na kazi ya kusingizia, alikuwa na sauti ya mtu mzima inayoaminika. Mtoto alikuwa na tumbo tu, na hata tumbo lenyewe halikuaminiwa. Akabonyeza namba tena. "Mwalimu, ni mimi. Nimekudanganya. Nitakuja."

Onyesho lilifanyika asubuhi katika chumba cha mikutano cha maktaba, mbele ya viti vya plastiki kama sitini. Wanafunzi walipangwa kwa kadiri ya kitabu walichofikia, kwa hiyo Mama Breki alikuwa wa pili, baada ya msichana wa miaka sita asiye na meno mawili ya mbele. Walikaa pamoja kwenye benchi la ukutani, miguu ya mmoja ikining'inia, magoti ya mwingine yakigusa kidevu.

"Shangazi, unapiga wimbo gani?" kibogoyo yule aliuliza.

"Ule wa kwanza."

"Hata mimi!" Akamtazama. "Usiogope. Ukikosea wanapiga makofi tu."

Mtoto alipanda jukwaani, akapiga mistari yote minne kama anayekunywa maji, akainama, akarudi. Katika safu ya tatu babu yake alisimama kumpigia makofi. Mama Breki alimtazama babu yule, akamtambua. Alikuwa yule karani mstaafu, mwanafunzi wake.

Jina lake likaitwa, jina la kwenye vitambulisho, na kwa muda hakujua ni la nani.

Alisimama mbele ya watu. Viti vilikuwa vingi kuliko alivyovihesabu alipoingia. Aliweka kidevu, akainua upinde, akaanza. Mstari wa kwanza ulitoka. Wa pili ulitoka ukichechemea. Ndipo alipomwona mumewe, ambaye hakuwa amelala tangu jana kwa ajili ya siku hii, ameketi safu ya mbele akitabasamu kwa mapenzi yote na kugonga goti kwa kidole ili kumhesabia mapigo. Moja, mbili, tatu, nne. Kidole kile kilimtia kiwewe. Alitaka kumwambia aache. Akawaza kidole, akawaza mkono wake mwenyewe, na mkono ulipotazamwa ukafa. Upinde ukaanza kurukaruka juu ya uzi. Akakatika katikati ya mstari wa tatu.

Alirudi juu. Alijua kwamba hapaswi kurudi juu, lakini alirudi. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na palepale penye mlima akaanguka tena. Masikio yalivuma. Alisikia kiti kikilia, mtu akikohoa, mtoto fulani akiuliza, "Imeisha?" Kisha makofi yakaanza, ya huruma, mazito kuliko kelele za kuzomewa. Mama Breki aliinamisha kichwa, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Katika ujia wa nyuma aliegemea ukuta na kuteleza hadi sakafuni. Mtu mzima, mwalimu wa watu, mke wa mtu. Alikuwa akingoja jambo, na alipolitambua jambo lenyewe aliona haya: alikuwa akingoja mtu aje amuulize kigumu kilikuwa nini.

Aliyekuja alikuwa Sisimizi. Hakuuliza kitu. Aliokota fidla iliyokuwa imewekwa vibaya, akaulegeza upinde kama inavyotakiwa baada ya kupiga, akavilaza vyote sandukuni. Halafu akaketi sakafuni, bega kwa bega na mama yake.

"Kila mara huwa hivi?" Mama Breki aliuliza.

"Kila mara."

"Na hapa?" Akagusa kifua.

"Hapo kwanza. Halafu huku." Mtoto aligusa koo. "Halafu unasikia kila kitu isipokuwa wimbo."

"Miaka mitano, Sisi?"

Mtoto alifikiri. "Nilipokuwa mdogo ilikuwa kidogo."

Mama Breki alilia, na hakujificha. Alikuwa amejaribu mara moja, kwa hiari yake, wimbo wa mistari minne, tena akiwa na ruhusa ya kuondoka wakati wowote. Mwanawe alikuwa amepanda mlima ule mara mbili kila wiki bila njia ya kuteremkia, na chini ya mlima alikuwa amesimama mama akimuuliza kwa nini anahema.

Mlango ukafunguka. Karani mstaafu alichungulia, akataka kurudi, kisha akaamua kuingia. "Samahani, mwalimu. Nilitaka kusema tu." Alivua kofia. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

"Mzee wangu," Mama Breki alisema kutoka sakafuni, "nilikutukana. Naomba unisamehe."

"Yamekwisha hayo. Jumatatu?"

"Jumatatu. Tutakwenda polepole."

Mzee alipotoka, makofi yalisikika ukumbini na mwalimu wa fidla akatoa kichwa mlangoni. Kabla ya zamu ya Sisimizi alikuwa amebaki mtu mmoja. Mama Breki aliona ukosi wa shati ukielekea mdomoni. Moyo wake mwenyewe, ule wa zamani, ulimwambia amsukume: umefika hapa, wapo watu sitini, mtihani uko karibu, usipoteze. Aliusikia moyo huo vizuri sana.

"Sisi," alisema, "unataka kupiga leo? Ukisema hapana, tunakwenda nyumbani. Sitakuuliza mara mbili na sitakasirika."

Mtoto alimtazama usoni kwa muda mrefu, akitafuta mtego. Hakuuona.

"Hapana," alisema.

"Haya."

Walitoka kwa mlango wa nyuma, mwoka mikate akawafuata mbio na masanduku mawili ya fidla, bila kuelewa lililotokea na bila kuuliza.

Nisiseme kwamba tangu siku hiyo mambo yalikuwa mteremko. Kwa wiki saba fidla ndogo haikufunguliwa. Tarehe ya mtihani ilifika, ikapita, na siku ile Mama Breki alizunguka nyumbani kama kuku anayetaka kutaga, akifungua makabati na kuyafunga, akiuma midomo ili neno lisimponyoke. Aliogopa kwamba alichokijenga kwa miaka mitano kimeporomoka. Aliogopa kwamba siku moja binti yake atamlaumu kwa kumwacha, kama yeye alivyomlaumu mama yake. Hakuna aliyeweza kumhakikishia kwamba haitakuwa hivyo. Lakini yeye mwenyewe hakuacha. Kila Alhamisi alipanda ngazi za mshona viatu, akaparuza nyuzi zake na kushuka na vidole vyekundu.

Alhamisi ya nane alimkuta Sisimizi amesimama mlangoni kwao, amevaa viatu.

"Nitakuja kuketi tu," mtoto alisema.

Aliketi. Wiki iliyofuata aliketi tena. Ya tatu alichukua sanduku lake. Alitoa masharti yake mbele ya mwalimu, akiyahesabu kwa vidole: hataki mtihani mwaka huu, hataki kutazamwa mkono, na mama asubiri chini kwa mshona viatu. Mama Breki aliyakubali yote matatu. Kuanzia hapo, baada ya somo lake alishuka, akaketi kwenye kigoda katikati ya soli na gundi, na muziki ukamfikia kupitia dari, mara ukiteleza, mara ukikwama. Ulipokwama, kidole chake kilitaka kuhesabu. Alikikalia.

Jamaa na majirani hawakumwelewa. Walimlaumu kwa kumlea mwana kimayai, wakamwuliza ni kwa nini mtoto mwenye kipaji kama kile akae bila cheti, na ni kitu gani kigumu katika kumbana kidogo. Mama Breki hakubishana nao. Aliwanyooshea mkono wake wa kushoto, wakaona ncha za vidole zilivyoota sugu, akawaambia maneno yale yale ambayo zamani aliyajua kwa ulimi tu: adhabu ya kaburi aijuaye maiti.